Semina ya afya ya akili kwa makeshia wa supamaketi: nani hasa anatakiwa akae darasani?

Mzee wa Tili (mleta uzi)

Wakuu habari za wikendi. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda apite kwa amani.

Mie ni supavaiza wa kaunta kwenye supamaketi moja hapa Dar, jina nalihifadhi sitaki kutia mchanga kitumbua changu. Mwaka huu HR wakaja na habari ya mafunzo ya afya ya akili kwa wafanyakazi. Nikajua ni yale yale, mnakusanywa ukumbini, soda na sambusa, mtu anawasha projekta anawaambia jipende mwenyewe, vuta pumzi ndani toa nje, picha ya pamoja, picha inarushwa Instagram ya kampuni, kesho saa moja uko kaunta unatukanwa kwasababu umempa mtu pipi badala ya chenji ya mia. Na semina ya kwanza ilikua hivyo hivyo, sitaipamba.

Ya pili ndo imenileta hapa. Mshauri nasaha aliyekuja, mama wa makamo hivi, akawaambia HR leo makeshia waacheni wafanye kazi, nileteeni wanaowapangia rosta. Tukaingia masupavaiza, meneja wa tawi na wasaidizi wake, mkuu wa walinzi. Projekta hakuitaka. Akaomba meza, droo ya hela na ile karatasi ya kufungia hesabu.

Akasema mimi ni keshia, saa nne na robo usiku, nimefunga tili (mashine ya hela) nina shoti ya 38,500, yaani hela imepungua, nipokeeni. Akajitokeza msaidizi wa meneja, neno la kwanza "hela iko wapi?" Mama kimya. Jamaa akapandisha sauti, "si nakuuliza wewe, hela iko wapi?" Mama akamgeukia meneja, akamuuliza wewe ungekua mimi sasaivi unawaza nini. Meneja akajibu "nawaza nauli." Tukacheka, yeye hakucheka. Akasema nauli, na kodi, na wenzangu wote waliopanga foleni nyuma yangu kuhesabu wameshasikia kwamba mimi ni mwizi, na kesho ndo hao hao naingia nao shifti. Haya rudia, safari hii hela usiitaje kwanza. Jamaa akarudia weee mpaka jasho, ikatoka hivi: "Njoo huku pembeni tukae, tuhesabu tena wote wawili." Basi, hilo ndo lilikua somo. Hakuna neno la kisaikolojia hata moja mle ndani lakini mie niliyekaa kaunta miaka nilijua kabisa anaongelea nini, maana shoti ndo inayowanyima makeshia usingizi kuliko hata mshahara mdogo.

Baada ya hapo akatupitisha kwenye dalili, ila za dukani sio za kitabuni. Mtu alikua mwepesi sasa anakosea chenji, alikua anakula na wenzake sasa anajifungia chooni mapumziko yote, anagombana na wapaki mizigo kwa kitu kidogo, anachelewa wakati hakua mchelewaji, anacheka ovyo au hacheki kabisa. Ukiona imezidi wiki mbili muite faragha, mwambie ulichokiona kwa macho, usimwambie unachokidhania. "Wiki hii nimeona hukai na wenzio, kuna nini?" inatosha. Usimpe ugonjwa, wewe sio daktari.

Sasa swali langu wakuu, kwanini makampuni mengi yanaanza na wale wa chini wasio na uamuzi wowote? WHO (Shirika la Afya Duniani) wenyewe kwenye mwongozo wao wa afya ya akili kazini wa 2022 wanataka mameneja wafundishwe, na kabla ya hapo wanataka mazingira ya kazi yenyewe yarekebishwe. Kwenu inakuaje?

Kitasa

Seat ya mbele kabisa. Naandika baadae niko kazini (kaunta pia 😂)

Mti Mkavu

Mzee samahani, hizi ni habari za watu wenye shibe. Baba yangu kauza duka la Mhindi pale Mtaa wa Samora zaidi ya miaka ishirini, katukanwa, kasingiziwa, hakuwahi kwenda semina ya kuvuta pumzi. Vijana wa siku hizi wakifokewa kidogo tu eti afya ya akili. Kazi ni kazi.

Nyanya Chungu

@Mti Mkavu na jioni akirudi nyumbani alikua anaongea na nani huyo baba? Au alikua anarudi mmejificha wote? Naomba jibu la kweli sio la jukwaani.

Mti Mkavu

Hahaha we mama umekuja na shoka. Sawa, alikua mkali. Lakini watoto tumesoma.

Keshia Namba Nne

Naongea kama keshia ambae yuko kazini mpaka leo. Mleta uzi umeandika vizuri ila kuna kitu hamkijui nyie mliopanda. Ile semina ya makeshia, yule aliyekuja kwetu alituambia tuandike kwenye karatasi jambo linalotuumiza kazini, tukaandika wote kwa uaminifu, mwisho wa siku HR ndo akapita kukusanya zile karatasi!! Mwandiko wangu anaujua maana ndo najaza nao fomu za likizo. Toka siku hiyo nikiulizwa "unajisikiaje" najibu niko poa namshukuru Mungu. Sasa nikisema silali usiku nachanganyikiwa, si ndo nitakua wa kwanza kwenye orodha ya kupunguzwa? Na hapo sijaongelea kupekuliwa mlangoni wakati wa kutoka, mkoba unamwagwa mezani hadharani na vitu vyako vya kike humo humo, kila siku ya Mungu. Wakinifundisha kupumua halafu natoka nafanyiwa hivyo ni sawa na kunipa panadol huku umenikanyaga mguu.

Mzee wa Tili

@Keshia Namba Nne pole sana dada, hilo la karatasi ni baya mno na anayefundisha ndo alitakiwa alizuie. Huyu wa kwetu kabla hajaanza aliweka sharti kwamba HR hakai ndani, hakuna kuandika jina, na atakachoandika kwenye ripoti yake kwa kampuni ni mambo ya jumla tu. Mtu akitaka kuongea nae peke yake anampa namba yake mwenyewe, haipiti kwa HR. Kama sharti hilo halipo mie nasema wazi, kaa kimya, kunywa soda yako ondoka.

La kupekuliwa mkuu wa walinzi wetu liliibuliwa mbele yake. Alibisha sana, eti ndo utaratibu wa maduka yote. Mama hakumbishia, akamwambia leta mkoba wako hapa mezani tuufungue. Hakuuleta. Sasaivi upekuzi unafanyika kwenye kichumba na mlinzi wa kike anapekua wanawake. Wizi haujaongezeka, stoku tunahesabu kila mwezi na hakuna aliyelalamika.

Mkokoteni254

Niko Nairobi, nimefanya supermarket mbili tofauti na hata huku tunaita shoti. Ukipata shoti inakatwa mwisho wa mwezi, hakuna kuuliza, unaona tu payslip imepungua. Nilikua nadhani hiyo ni haki yao hadi rafiki yangu wa union akanionyesha Employment Act ya 2007 section 19. Inaruhusu kukata shoti lakini lazima itokane na uzembe ama uongo wako, na contract yako iwe imesema wazi kwamba kazi yako ni kushika pesa. Na makato yote pamoja hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara, ambayo kusema ukweli bado ni nyingi, utakula nini na theluthi moja Nairobi hii?

Kitu kingine watu huku hawapendi kuongea ni venye supermarket kubwa ya Nakumatt ilianguka, halafu ya Tuskys ikafuata. Hao watu walikua wanaamka kila siku wanaenda kupanga shelf ziko empty, supplier haleti, mshahara umechelewa, customer anakuuliza wewe mbona hakuna maziwa kama wewe ndio mwenye duka. Hakuna mtu aliwaambia kitu. Mafunzo gani yanakusaidia hapo? Hapo unahitaji meneja akwambie ukweli mapema ndio ujipange.

Bint Mkunazini

Kwetu Unguja wateja wengi wageni, matusi si mengi ila kudharauliwa kupo. Mie nilopenda ni hilo la kumwita mtu pembeni. Kumfokea mtu mbele ya watu kwetu ni kumvunjia heshima yake na ya wazee wake, hata asipokujibu moyoni anakuwekea.

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi kitengo cha afya ya akili kwa muda, nachangia kidogo.

Kwanza mtu asidhani supavaiza anageuzwa kuwa daktari. Kuna mwongozo wa WHO wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa 2011, umejengwa kwenye mambo matatu tu, tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Huo uliandikwa kwa ajili ya watu waliopatwa na majanga, na dukani unafaa sana siku mmevamiwa na majambazi au mteja kaanguka mbele ya kaunta akafa. Watu wanadhani siku ile ile ndo wakusanywe kila mmoja asimulie alichokiona kwa undani. Msifanye hivyo. Kumlazimisha mtu asimulie tukio likiwa bado bichi haimsaidii, inaweza hata kumuumiza zaidi. Mpe maji, mkalishe sehemu tulivu, muulize anamtaka nani apigiwe simu, hakikisha anafika nyumbani salama, kesho yake muulizie. Na msimrudishe kaunta ile ile asubuhi kana kwamba hakijatokea kitu.

Pili, mtu wa kawaida akifundishwa vizuri anaweza sana. Zimbabwe wana mabenchi ya urafiki, yalianzishwa Harare 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda, wanaokaa kwenye benchi ni wabibi wa mtaani wamefundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja alishughulikie. Walifanyiwa utafiti wa kulinganisha, matokeo yakatoka 2016, waliokaa na wabibi dalili zao zilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ila wale wabibi hawakufundishwa asubuhi moja wakaachwa, wanasimamiwa na kuna pa kumpeleka mgonjwa akiwazidi uwezo. Semina nyingi za makampuni ndo zinafia hapo, ikishaisha hakuna anayejua mtu apelekwe wapi. Kwa Dar hospitali za rufaa za mkoa, Temeke, Amana, Mwananyamala, nendeni mkaulize kitengo cha afya ya akili kabla hamjahitaji, mjue siku za kliniki.

Tatu, na hili ndo watu wanaliogopa. Mfanyakazi akikwambia amechoka kuishi, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akikubali usimwache peke yake, mtafute ndugu yake anaemuamini, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Bint Mkunazini

Ahsante nesi. Hilo la mabenchi hata huku Zanzibar limeshafika kwenye vituo vya afya, nimeliona kwa macho yangu.

Mkokoteni254

@Nesi wa Zamu hiyo ya tatu huku watu walikua wanaogopa kusema hata kwa HR juu kujaribu kujiua kulikua ni makosa kwa sheria, section 226 ya Penal Code. High Court imeitupa hiyo section January 2025. So at least sasa mtu anaweza ongea bila kuwaza polisi. Pia Red Cross wako na namba ya bure 1199, sisi tumeibandika ndani ya choo cha staff, sio kwa notice board, juu kwa notice board nani atasimama kuisoma watu wakimwangalia?

Nesi wa Zamu

Chooni, safi sana hiyo. Kwa Tanzania Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwahiyo msaada wenu uanzie kwa ndugu na hospitali, mtu anaumwa huyo.

Kijana wa Kariakoo

Nyie wote mna HR na kumbi. Mie nina duka la vyombo Mtaa wa Narung'ombe, vijana wanne na dada wa kaunta. Kontena likichelewa bandarini mie mwenyewe ndo wa kwanza kuchanganyikiwa, nani ananipa semina? Nachotaka kujua, kwa duka kama langu mtu afanye nini, bila kuniambia niajiri mshauri nasaha.

Nesi wa Zamu

@Kijana wa Kariakoo wanakula saa ngapi hao vijana?

Kijana wa Kariakoo

Wakipata upenyo. Wateja wa mikoani wakishuka hakuna kula.

Nesi wa Zamu

Anza hapo basi. Wapishane, kila mtu apate saa yake ya kula amekaa chini, simu ya duka isimfuate. Alafu huyo dada wa kaunta ana siku ya kupumzika inayojulikana? Sio ile ya "nitakwambia". Mtu akijua Jumatano ni yake anapanga maisha, anaenda kliniki, anaona watoto. Na wewe mwenyewe tafuta mfanyabiashara mwenzio wa kuongea nae kontena likichelewa, kabla hujalimalizia kwa vijana.

Mzee wa Tili

Hapo nesi kagusa sheria kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mtu akifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo anatakiwa apate mapumziko ya saa zima. Na kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho ni masaa 12. Sasa nyie watu wa supamaketi hesabuni wenyewe, keshia kafunga saa nne na nusu usiku, rosta inamtaka saa moja asubuhi afungue, hapo ni masaa nane na nusu na kati yake kuna daladala la kwenda Mbagala na kurudi. Ule mchanganyiko wa kufunga na kufungua tumeufuta kwenye rosta baada ya yale mafunzo, na hiyo ndo imesaidia kuliko kitu kingine chochote, watu wanalala! Meneja alidhani itahitaji kuajiri, haikuhitaji, ilihitaji tu mtu akae chini na kalamu apange upya.

Na shoti pia, kifungu cha 28. Mwajiri hakati mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie sababu na kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na asizidishe robo ya mshahara. Wangapi hapa waliwahi kupewa hiyo barua? Sisi sasa tuna karatasi mpya ya kujaza mtu akipata shoti.

Keshia Namba Nne

Barua? 😂😂😂 Tunaonaga kwenye mshahara tu.

Mbeba Boksi

Niko Uingereza, napanga mizigo na kaunta usiku kwenye supamaketi kubwa. Msidhani huku ni peponi. Mafunzo tunayo tele, ila ni ya kwenye kompyuta, unabonyeza mbele mbele unajibu maswali unapata cheti, umemaliza afya ya akili kwa dakika ishirini. Kuna utafiti wa mtu wa Oxford, William Fleming, ulitoka 2024, alichukua wafanyakazi zaidi ya elfu 46 kwenye taasisi 233 za huku, akakuta walioshiriki hizi programu za mtu mmoja mmoja, za kutulia, za ustahimilivu, za aplikesheni, hawakua na hali nzuri kuliko wasioshiriki. Nilivyosoma nikacheka maana kila mtu kwenye shifti yetu angemwambia bure.

Kitu nachowasifu ni Scotland, 2021 walipitisha sheria ya kumlinda mfanyakazi wa duka, kumshambulia au kumtishia ukiwa mteja ni kosa linalojitegemea. Huko nyumbani mteja akimtukana keshia ni nani anaombwa radhi? Mteja.

Nyanya Chungu

Mnakumbuka Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku? Mtu kapitisha sheria Dodoma, matusi anapokea binti wa kaunta Sinza. Na meneja anakuja mbio "samahani mheshimiwa" huku anamkata jicho binti. Hapo binti kafanya nini?

Mzee wa Tili

@Nyanya Chungu hilo nalo tulilifanyia zoezi. Mteja akitukana, keshia anasema mara moja tu "naomba nimwite supavaiza", ananyanyua mkono, mimi nakuja nasimama KATI yake na mteja, keshia anatoka dakika tano anakunywa maji, tili naishika mie. Sio anaondolewa kama adhabu, na sio lazima arudi kaunta ile ile. Mteja akiondoka ndo namuuliza keshia ilikuaje, yeye kwanza. Mwanzoni wateja wengine walikasirika zaidi kuona keshia katoka, wakazoea.

Mti Mkavu

Sasa hilo la supavaiza kusimama mbele nakubaliana nalo, hiyo ni kazi yake analipwa. Mie napinga zile za kupumua.

Nesi wa Zamu

Hata za kupumua zina kazi yake mkuu, mtu akiwa na hofu kali moyo unakwenda mbio zinamshusha. Tatizo ni zikiwa ndo hizo tu.

Kitasa

Nimerudi wakuu, nimesoma wote. Swali la mwisho, mtu akiandikiwa na daktari apumzike kwa sonona, anapewa likizo ya ugonjwa kama wa malaria? Mwenzetu mmoja aliambiwa "hiyo sio ugonjwa, chukua likizo yako ya mwaka."

Mzee wa Tili

Amedanganywa. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, cha msingi awe na cheti cha daktari. Sheria haijasema ugonjwa wa mwili tu. Kama wamegoma aanzie TUICO (chama cha wafanyakazi) kama ni mwanachama, wasipoelewana kuna CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), ila asikae miezi maana kule kuna muda wa kufungua shauri.

Keshia Namba Nne

Mzee hiyo karatasi yenu mpya ya shoti si utuwekee hapa tuwapelekee mabosi zetu.

Mzee wa Tili

Ina nembo ya kampuni siwezi kuiweka. Lakini ni fupi, inaandikwa kiasi, nani na nani walihesabu mara ya pili, nini kilitokea shifti ile (mtandao ulikata, foleni, tili ilishikwa na zaidi ya mtu mmoja), na maelezo ya keshia kwa mwandiko wake, halafu sahihi mbili na nakala moja anaondoka nayo. Hapo kwenye tili kushikwa na watu wawili ndo shoti zetu nyingi zilikua zinatokea kumbe, sasa kila mtu ana namba yake ya siri.